Vidole Vinne vya Upande wa Kushoto

Nakuru picha hazina soko. Chenye soko ni fremu. Hilo nililijua mwaka wangu wa kwanza wa biashara, na tangu hapo sijamdanganya mteja yeyote kuhusu jambo hilo. Nimewadanganya kuhusu mengine. Mtu akiingia dukani kwangu nyuma ya soko, akaona kioo kilichozungushiwa mwerezi wa zamani, mbao ambazo siku hizi hata Elburgon kwenye mashine za mbao huzipati bila kujuana na mtu, husimama. Hujitazama. Hurekebisha kola. Hapo bei imeshapanda na mimi sijafungua mdomo.

Mwerezi huo hutoka kwenye nyumba za walowezi. Kila nyumba kuu ya shamba la zamani inapobomolewa ili ploti zikatwe, kuna mtu hunipigia simu, nami huenda na kamba na tepu ya kupimia. Nanunua vilivyobaki baada ya wenye macho kupita: viti vya miguu ya simba, kengele za shaba za kumwitia mpishi, sahani za buluu zenye nyufa, kabati zinazonuka dawa ya nondo. Na picha. Picha nyingi mno. Inaonekana mabibi wa walowezi hawakuwa na kazi mchana, maana kazi ilikuwa na watu wake, basi walikaa verandani na brashi wakachora walichokiona.

Walichokiona ni milima, ziwa, nyasi na mawingu. Wakati mmoja nilikuwa na picha thelathini na moja kwa mpigo. Nikazihesabu mara mbili, kama kawaida yangu, kisha nikahesabu zenye mtu ndani. Mbili. Moja ilikuwa na mzungu juu ya farasi. Nyingine ilikuwa na mbwa, nikamhesabu kwa huruma. Kulikuwa pia na nakala ya ramani ya kale ya Afrika, ya enzi za merikebu za Wareno; baharini merikebu zimechorwa kwa makini, matanga, mizinga, kila kamba mahali pake. Huku bara, pale ambapo kwa makadirio yangu ni kwetu, mchora ramani hakuwa na habari yoyote, akaweka ndovu. Nilicheka. Kutoka kwa ndovu hadi nyasi tupu ni karne kadhaa, na sisi bado hatujafika kwenye karatasi.

Nilicheka, kisha nikachukua msumeno. Kioo kinahitaji kitu cha kukiziba mgongo, na picha iliyochorwa kwenye ubao mwembamba ni mgongo bora kuliko kadibodi: haipindi, na panya hawaipendi. Basi picha nikazitoa, nikaweka vioo, na zile picha nikazirudisha nyuma ya vioo, uso ukiangalia ndani. Iliyozidi fremu niliipunguza. Mimi hupima mara mbili, hukata mara moja. Vipande vya pembeni viliwasha jiko la gundi.

Niliishi hivyo kwa amani hadi asubuhi moja ya manyunyu, alipoingia shosho mmoja, bibi kizee, amevaa sweta mbili. Sweta mbili ni salamu ya kutoka Elburgon. Huko baridi haina mzaha.

"Wewe ndiye mama wa fremu?"

"Ndiye, shosho. Karibu. Tukutengenezee kioo, ama ni picha ya harusi?"

"Harusi ya nani? Hebu angalia huu uso. Natafuta picha."

"Picha ya nani?"

"Ya kwetu."

Nilimpa kiti, si kwa adabu peke yake. Mteja aliyeketi hushusha bei polepole. Lakini huyu hakuja kununua. Alikuwa amepitia Kiamunyi, kwenye shamba ambalo nyumba yake kuu nilikuwa nimeikomba vitu mwaka uliotangulia, na mlinzi wa huko ndiye aliyemwelekeza kwangu. Akanieleza bila haraka, akikunja na kukunjua kitambaa mikononi.

Alizaliwa kwenye shamba hilo. Baba yake alikuwa mkamuaji, mama yake mpiga pasi wa nyumba kuu. Yeye mwenyewe, akiwa mtoto wa miaka minane hivi, alipewa kitambaa laini apanguse vumbi kwenye chumba cha kulia. Juu ya kabati la vyombo kulikuwa na picha aliyoichora memsabu, mke wa mlowezi, kutoka verandani: mgongo wa mlima Menengai, miti miwili, na upande wa kushoto kabisa, nyumba tatu za wafanyakazi, ndogo kama punje za mahindi. "Mama alinionyesha. Akaniambia, hii ya katikati ni yetu. Nikawa kila siku naipangusa hiyo ya kwetu kwanza."

Mama yake alifariki akijifungua. Walimzika nyuma ya ile nyumba ya katikati. Kisha ikaja miaka ya Hali ya Hatari, na watu wa kabila lao wakapakiwa kwenye lori kurudishwa risavu, eneo walilotengewa na serikali ya kikoloni. Lori halijapinda kona, nyumba zinawaka. Waliporudi Bonde la Ufa miaka mingi baadaye, pale palikuwa ngano. Plau ilishapita juu ya kila kitu. Baba yake akapata kazi kwenye mashine ya mbao Elburgon, akanunua kipande cha shamba, akazikwa hapo.

"Alikufa akilalamika atalala peke yake," shosho alisema. "Nikamwahidi nitamletea mama. Si nilifikiri ni rahisi?"

Sasa mahali alipopakumbuka pamekuwa ploti. Alikuwa amemwendea mwenye ploti mara nne, mwanamume anayefanya kazi kwenye mitambo ya umeme wa mvuke huko Olkaria. Si mtu mbaya. Mwishowe alikuwa amekubali: shosho aonyeshe mahali penyewe, achimbe shimo moja, achukue mifupa ya mama yake, na yeye hata atatoa mtu wa kuchimba. Lakini shimo moja tu. Hawezi kupinduliwa ploti nzima na ujenzi unaanza.

"Na mimi mahali penyewe sipajui," shosho alisema. "Miti ilikatwa. Nyumba kuu imebaki ngazi. Picha ndiyo inajua."

Nikamwambia nitaangalia. Alipotoka nilifunga mlango nikaanza kufungua vioo. Vilikuwa kumi na kimoja vyenye migongo ya zamani. Nilipofika cha tisa nikaigeuza picha na kuona mgongo wa Menengai, lile pengo lake kama jino lililong'oka, na miti miwili. Upande wa kushoto kabisa, kwenye ukingo, kulikuwa na mstari wa kijivu ulioinama. Kwa muda nilidhani ni doa la gundi yangu. Ulikuwa moshi. Moshi unaotoka mahali ambapo ubao umeisha.

Nikautazama ukingo huo. Ulikuwa mkato safi, mnyoofu. Upande wa kulia ilibaki alama hafifu ambapo fremu ya kwanza ilikuwa imeufunika ubao. Upande wa kushoto hakukuwa na alama yoyote ila ya msumeno wangu. Fremu yenyewe ya kwanza bado ilikuwa dukani, na kioo kingine ndani. Nikapima. Nikapima tena. Zilipungua inchi tatu, upana wa vidole vyangu vinne.

Nilikuwa na siku tatu za kufikiri kabla hajarudi, na nilizitumia vibaya. Nilijiambia kwamba ukweli hautarudisha kipande kilichoungua. Nilijiambia pia kwamba mlima uko, miti iko, moshi upo, inatosha. Alhamisi alipoingia nilikuwa nimeshaifuta picha vumbi.

Aliishika kwa mikono miwili. Akaitambua mara moja, akacheka kicheko kifupi, akauita mlima kwa jina lake. Kisha kidole chake kikatambaa kwenda kushoto, kikafika ukingoni, kikasimama.

"Na nyumba ziko wapi?"

"Nyumba gani, shosho?"

"Si nilikwambia? Tatu. Zilikuwa hapa."

Ninajua namna ya kuuza kiti chenye mguu uliogundishwa. Huelekezi macho ya mteja kwenye kiti. Unayaelekeza kwenye kitu kingine cha kweli. Nikamwonyesha zile picha nyingine zilizokuwa zimebaki, nikazipanga sakafuni moja moja. Ziwa, hakuna mtu. Milima ya Mau, hakuna mtu. Shamba la pareto lililopaliliwa likapendeza, na hakuna hata jembe. "Hawa watu hawakutuchora, shosho. Angalia mwenyewe. Huenda hata huyu hakuzichora."

Uongo ulio mzuri ni ule ambao mashahidi wake wanasema kweli. Picha zote hizo zilisimama upande wangu.

Shosho alizitazama, moja baada ya nyingine, hadi mwisho. Akaketi.

"Haiya," akasema. "Basi nimezeeka. Miaka yote hii nimekuwa nikiziona."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa nazipangusa na kitambaa." Akatazama mkono wake kama unaweza kuulizwa. "Ama nilikuwa napangusa nini?"

Nilimwambia nitafuatana naye Kiamunyi, kwa kuwa mimi najua kusoma picha, na ninajua kuelewana na mwenye mali. Alinishukuru. Alinishukuru mara mbili, na zote nilizihesabu.

Mwenye ploti alikuwa kwenye zamu ya kazi, hakupatikana hadi Jumamosi ya baada ya wiki mbili. Tulimkuta anatungoja na mtu mmoja wa sululu. Mafundi walikuwa wanaingia Jumatatu. Kamba za msingi zilishatandazwa kwenye vigingi. Ploti za pande zote zilikuwa katika hatua mbalimbali za kuwa nyumba.

"Shosho, shikamoo. Sasa, tulikubaliana moja."

Nikaingia kati. "Boss, moja ni ya mtu anayejua. Sisi tunatafuta. Tupe matano."

"Matano! Mathe, unataka kunichimbia bwawa la samaki?"

"Matatu, na tutayafukia wenyewe."

"Moja."

"Angalia huyu mzazi. Amekuja mara nne kwa miguu kutoka steji. Shimo la pili ni la nauli."

Akamtazama shosho, akakuna kichwa. "Mawili. Na si karibu na kamba zangu." Nilijisikia vizuri. Hata pale, nilijisikia vizuri kwa kupata shimo la ziada.

Ngazi tatu za mawe za ile nyumba kuu bado zilikuwepo, upande wa pili wa barabara ya murram, zikipanda kwenda hewani. Tulisimama juu yake, nikainua picha, tukaliweka pengo la Menengai la picha juu ya pengo la Menengai la kweli. Lilikaa. Mlima haukuwa umesogea hata kidogo. Nikaufuata moshi kwa kidole hadi chini, nikaelekeza: pale, kando ya kile kichaka.

Shimo la kwanza lilitoa chupa. Kisha mfupa, na wote tukainama kuutazama, lakini ulikuwa wa ng'ombe, umekatwa kwa msumeno wa buchari. Kisha vipande vya sahani nyeupe na buluu, kama zile nilizokuwa nazo dukani, vyenye daraja na mti na ndege wawili wa nchi isiyo yetu. Shosho akakichukua kimoja, akakisugua kwa kidole gumba.

"Hiki nilikivunja mimi," akasema. "Ama ni ndugu yake. Hapa ni shimo la taka la nyumba kuu."

Takataka zao zilikuwa zimetulia mahali pake, safi, plau haikuzifikia. Mtu wa sululu aliziweka kando kwa upole kuliko nilivyotarajia. Shimo la pili tukalichimba hatua ishirini zaidi, na halikutoa kitu ila ule udongo wetu wa kijivu, mwepesi kama unga. Mtu wa sululu alifika kiunoni, akafika kifuani, akatazama juu.

"Inatosha," shosho akamwambia. "Toka usije ukafunikwa."

Akaketi kwenye lundo la udongo. Nilianza kumwendea mwenye ploti kuomba la tatu, maneno yalikuwa tayari mdomoni, lakini shosho akatangulia kusema, na hakusema nami.

"Kijana wangu, nisamehe. Nimekusumbua bure. Hata picha haina nyumba. Labda nilizitengeneza kichwani, mtoto hupenda kuona kwao. Labda hata mama hayuko hapa, walimpeleka kwingine sikuambiwa."

"Hapana, shosho, usiseme hivyo," yule mwanamume akasema, lakini alisema kama mtu anayefariji tu.

Shosho alikuwa amebakiwa na mama yake kwenye upana wa punje ya mahindi, akamhifadhi miaka yote hiyo, kwenye lori, risavu, Elburgon. Na mimi katika asubuhi moja nilikuwa nimemnyang'anya, kwa sauti ya upole, nikiwa nimempa na kiti.

"Zilikuwepo," nikasema.

"Nini?"

"Nyumba. Kwenye picha. Nilizikata mimi, shosho, kabla hujaja. Nilijua siku ile ukiniuliza."

Mtu wa sululu akawasha sigara, kisha akaizima.

"Ulizikata kwa nini?"

Kuna majibu ambayo huwa najipa, kuhusu biashara na karo ya shule. Nililompa ndilo lilikuwa la kweli. "Fremu ilikuwa ndogo."

Alinitazama mikono, si uso.

"Kiasi gani?"

"Vidole vinne."

"Vyako ama vyangu?"

"Vyangu."

Akainuka bila kushika mkono niliomnyooshea, akavuka barabara, akapanda tena zile ngazi, nami nikamfuata na picha. Akaniambia niinue. Nikaliweka pengo juu ya pengo. Kisha akaushika mkono wangu wa kushoto, akaubandika kwenye ukingo uliokatwa, vidole vinne vimebana pamoja, vikawa ndicho kipande kilichoungua. Akafumba jicho moja. Alinukia moshi wa kuni na sabuni ya mche. Nilisogeza kidole, akanikaripia: "Tulia."

"Moshi ulikuwa wa kwetu," akasema. "Upepo ulikuwa unaupeleka kule. Usiufuate mbele, urudi nyuma." Akagusa kidole changu cha pili, cha tatu, akasimama kwenye kucha. "Ya katikati hapa. Na mama nyuma yake, hapa." Akaondoa mkono wangu ili aone kulikuwa na nini nyuma yake.

Kulikuwa na ploti ya jirani, na katikati yake slabu mpya ya zege, ya kijivu, pana, imelowa.

"Hapo si kwangu," mwenye ploti akasema, amesimama chini ya ngazi. Alisema polepole. "Hapo alimwaga Alhamisi. Juzi hii. Wiki jana ilikuwa mitaro tu."

Kutoka Alhamisi niliyosema uongo hadi Alhamisi ya slabu ni siku kumi na nne. Nilihesabu tena nikitumaini nimekosea.

Yule mwanamume alimpigia jirani yake simu papo hapo, nami nikasimama karibu nimsikie. Jirani aliuliza ikiwa tuna uhakika. Kisha akasema pole, mara nyingi, na nadhani alimaanisha. Lakini slabu ina vyuma ndani, na pesa ni za mkopo, na haivunjwi kwa ajili ya picha ambayo hata hiyo sehemu yenyewe haina. Katika maisha yangu ya kubembeleza bei, sijawahi kukutana na mtu mwenye haki zaidi ya huyo.

Tulienda hata hivyo. Fundi mmoja alikuwa akimwagia slabu maji kwa mpira ili isipasuke. "Msikanyage," akatuambia, "bado inakunywa." Shosho akasimama ukingoni, viatu vyake vikigusa mbao za pembeni. Alimuuliza fundi pale katikati patakuwa chumba gani. Fundi akafikiri, akaelekeza kwa mpira: huku jikoni, huku sebule, pale ni kwa watoto. Shosho akaitikia kwa kichwa. Akasema maneno machache kwa Kikuyu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili, na mimi ambaye nayaelewa sitayaandika hapa.

Kisha akanigeukia. Nilidhani sasa ndipo atanipa ninachostahili.

"Una kalamu?"

Penseli ya useremala haitoki sikioni mwangu.

"Geuza hiyo picha. Andika."

Nilichutama, nikaiweka picha uso chini juu ya goti. Mgongo wa ubao ulikuwa wa hudhurungi, safi, una nafasi.

"Andika: upande huu zilikuwa nyumba tatu. Ya kwanza ya mkamuaji mwingine na wake zake. Ya katikati yetu. Ya tatu ya wapagazi. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Mlango wa kwetu ulitazama mlima. Jikoni nyuma. Njia ya kwenda mtoni ikipita hapo. Mama yangu yuko nyuma ya jikoni, kichwa upande wa mlima, na mtoto amewekwa naye." Alikuwa hajaniambia kuhusu mtoto kuwekwa naye. "Andika jina lake." Akanitajia majina mawili, la mama na la baba wa mama, nikayaandika kwa herufi kubwa. "Soma."

Nikasoma. Fundi alikuwa ameyaelekeza maji kando ili asikie.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Sasa andika ni nani alikata," shosho akasema, "na alikata na nini, na kwa nini."

Nikaandika jina langu. Nikaandika msumeno. Nikaandika, fremu ilikuwa ndogo.